Poka ni nini? Ujue mchezo ulio kwenye simu ya mwanao

Wiki tatu zilizopita dadangu alinipigia simu baada ya Maghrib, sauti imemkauka. Mwanawe anasoma chuo hapa Mombasa. Alikuwa amepewa shilingi 18,500 akalipe karo ya muhula, na siku hiyo chuo kilipiga simu kuuliza mbona karo haijafika. Kijana alipobanwa akasema pesa zimeingia kwenye poka. Dadangu akaniuliza, "Kaka, hiyo poka ni kitu gani? Ni benki?"

Nilishikwa na haya, maana na mimi nilikuwa nikiijua kwa jina tu, kwenye filamu. Kesho yake baada ya Isha nikaenda kwake. Sikwenda na fimbo. Nilikwenda na pakiti ya karata na mfuko wa kokwa za tende, nikamwambia mpwa wangu, "Nifundishe." Akanitazama kama aliyesikia vibaya. "Mjomba, kweli?" Nikamwambia kweli, na awaite na wale rafiki zake wawili wanaocheza naye.

Yafuatayo ni niliyojifunza usiku ule na niliyoyasoma baadaye. Siandiki ili mtu akacheze. Naandika kwa sababu kumkataza mtoto jambo usilolijua ni kazi ngumu. Atakwambia, "Si kamari, ni mchezo wa akili," na wewe huna la kumjibu. Ukizijua kanuni, jibu limo ndani ya kanuni zenyewe.

ASILI YAKE

Poka ni mchezo wa Marekani. Ulienea huko katika karne ya 19, hasa katika meli za abiria za mto Mississippi. Aina zake ni nyingi, lakini inayochezwa zaidi siku hizi, na ndiyo iliyo kwenye simu za vijana wetu, ni Texas Hold'em. Bunge la jimbo la Texas limeutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndipo ilipozaliwa, mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1967 wachezaji wa Texas waliipeleka Las Vegas, na mwaka 1970 yakaanza huko mashindano makubwa ya kila mwaka yanayoitwa World Series of Poker.

Iliyoisambaza dunia nzima ni intaneti. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, alipata nafasi ya kuingia mashindano hayo kwa kushinda mchezo wa mtandaoni wa bei rahisi, akaondoka na dola milioni 2.5. Hadithi hiyo kila kijana anayecheza anaijua. Asichoambiwa ni kwamba mwaka ule waliingia watu 839, na wengi wao mno walirudi makwao mikono mitupu. Hao hawana filamu.

KARATA NA MAJINA YAKE

Karata ni zile zile 52 tunazozijua barazani. Zina jamii nne: kopa, uru, shupaza na pau. Majina hayo tuliachiwa na Wareno, ambao kwao ni copas, ouros, espadas na paus. Kila jamii ina karata 13: Ree (vijana husema Esi), Kingi, Kwini, Jeki, kisha 10 kushuka hadi 2. Ree ndiyo kubwa kuliko zote. Hata hivyo inaweza pia kusimama kama 1 katika mfululizo wa 1, 2, 3, 4, 5.

Aliyezoea wahedisitini asahau habari ya kuhesabu pointi mpaka 61. Katika poka hakuna pointi, wala hakuna jamii inayokula nyingine. Kinachoshindana ni mkono, yaani karata tano bora ulizoweza kuzipata.

NGAZI ZA MIKONO

Kuna ngazi tisa, na zimepangwa kwa uadimu: mkono mgumu kupatikana humshinda ulio rahisi. Ukichukua karata tano tano katika 52, kuna mikono 2,598,960 tofauti. Nimeweka idadi ya kila ngazi ili msomaji aone mwenyewe. Naanzia juu.

1. Mfululizo wa jamii moja. Mfano 5, 6, 7, 8 na 9, zote za kopa. Mikono 40. Ndani yake ipo minne ya juu kabisa, wa 10, Jeki, Kwini, Kingi na Ree wa jamii moja, ambayo haishindwi na chochote.
2. Nne za namna moja. Mfano Jeki nne. Mikono 624.
3. Tatu kwa mbili. Mfano 9 tatu na Kingi mbili. Mikono 3,744.
4. Jamii moja bila mfululizo. Mfano uru tano zozote. Mikono 5,108.
5. Mfululizo wa jamii tofauti. Mikono 10,200.
6. Tatu za namna moja. Mikono 54,912.
7. Jozi mbili. Mikono 123,552.
8. Jozi moja. Mikono 1,098,240.
9. Karata kubwa tupu, usipopata chochote katika hayo. Mikono 1,302,540.

Tazama hizo mbili za mwisho. Jumla yake inapita milioni 2.4 kati ya milioni 2.6. Maana yake, karata tano ukizichukua ovyo, mara nyingi mno huna kitu au una jozi moja tu. Kwenye filamu kila mtu ana mkono mkubwa. Mezani sivyo.

MCHEZO UNAVYOKWENDA

Wanaweza kucheza watu wawili hadi tisa au kumi kwenye meza moja. Kila kugawa karata ni duru moja, na duru huenda hivi.

Kwanza, kabla karata hazijagawiwa, watu wawili wanaofuatana kushoto kwa mgawaji hulazimika kuweka pesa. Wa kwanza huweka dau dogo, wa pili huweka dau kubwa, kwa kawaida maradufu ya dogo. Wenyewe huziita blaindi, kwa sababu huwekwa kabla mtu hajaona karata zake. Duru ikiisha, ugawaji husogea mtu mmoja kushoto, na mzigo huo humfikia kila mtu kwa zamu. Pesa zote zinazowekwa hukusanywa katikati ya meza. Mimi hapa nitapaita chungu.

Pili, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Huzitazama peke yake.

Tatu, madau huanza. Zamu ikikufikia una mambo matatu ya kuchagua. Unaweza kulaza karata, yaani kujitoa na kuacha ulichokwisha kuweka. Unaweza kufuata, yaani kuweka sawa na aliyetangulia. Au unaweza kupandisha, yaani kuweka zaidi na kuwalazimisha wengine wafuate au walaze. Katika awamu za mbele, ikiwa hakuna aliyeweka kitu, unaweza pia kupita bila kuweka.

Nne, hufunuliwa karata tatu katikati ya meza kwa pamoja. Hizo huitwa flopu, na ni za watu wote. Madau huzunguka tena.

Tano, hufunuliwa karata ya nne, kisha madau. Hufunuliwa karata ya tano na ya mwisho, ambayo huiita riva, kisha madau ya mwisho.

Sita, waliobaki hufunua karata zao za siri. Kila mmoja hutumia karata tano bora kati ya saba: mbili zake na tano za mezani. Mwenye mkono wa juu hubeba chungu. Wakilingana hugawana. Na ikiwa katikati ya safari wote wamelaza wakabaki mmoja, huyo hubeba chungu bila kuonyesha karata zake.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo iliyoipa poka jina lake. Mtu asiye na kitu anaweza kupandisha dau kwa uso mkavu mpaka wenye mikono mizuri wakaogopa na kulaza. Huko ndiko kuzuga, na vijana wanakupenda kuliko mchezo wenyewe.

Tena kuna kutia vyote. Katika namna inayochezwa zaidi, dau halina kikomo, na wakati wowote zamu yako ikifika unaweza kusukuma kila ulichonacho mezani kwa mara moja. Msomaji aliweke hilo akilini.

DURU MOJA YA KOKWA ZA TENDE

Tulikaa wanne: mimi, mpwa wangu na rafiki zake wawili. Kila mmoja nilimpa kokwa 30. Dau dogo kokwa 1, dau kubwa kokwa 2. Nikaongeza sharti moja: pembeni nimeweka bakuli la nyumba, na katika kila duru, kabla mshindi hajabeba chungu, nitatoa kokwa moja niitie humo. Wakacheka. Kokwa moja ni nini?

Ilipofika duru ya tano, mpwa wangu alikuwa bado na kokwa 30. Mimi nilikuwa kwenye dau dogo, na rafiki mmoja kwenye dau kubwa. Mpwa wangu akapata Ree na Kingi za kopa, mkono mzuri sana wa kuanzia. Akapandisha hadi 6. Rafiki wa kwanza akalaza. Mimi nilikuwa na 8 mbili, nikafuata. Yule wa dau kubwa akalaza, akapoteza kokwa zake 2. Chungu kikawa na 14.

Flopu ikaja: 8 ya uru, Ree ya pau, 3 ya kopa. Mimi sasa nina 8 tatu, naye ana jozi ya Ree. Nikapita. Akaweka 8, nikafuata. Chungu 30.

Karata ya nne: Kingi ya shupaza. Uso wake ukang'aa, maana sasa ana jozi mbili kubwa kuliko zote, za Ree na za Kingi. Nikapita tena. Akasukuma kokwa zake zote 16 zilizobaki. Nikafuata. Chungu 62.

Riva: 5 ya uru. Tukafunua. Tatu za namna moja hushinda jozi mbili.

Nataka msomaji aelewe kwamba kijana hakucheza vibaya. Alipandisha mahali pa kupandisha, na mtaalamu yeyote angeweza kufanya vile vile. Alipoteza kwa sababu mimi nilikuwa na karata mbili ambazo yeye hakuwa na njia ya kuziona. Hapo ndipo mchezo huu unapouma: unaweza kufanya sawa na bado ukaondoka mtupu.

Alitazama meza kwa muda. Kisha akaninyoshea mkono. "Mjomba, niongeze 30."

Hakusema, "Basi nimetoka." Na zilikuwa kokwa za tende. Hapo nikaelewa karo ilikwendaje. Haikuondoka siku moja. Iliondoka 500, kisha 500 ya kuirudisha ile ya kwanza, kisha 1,000 ya kuzirudisha zote mbili.

BAKULI LA NYUMBA

Nikamwongeza. Kokwa mchezoni zikawa 150. Tukacheza duru 40, na saa za usiku zikaenda. Tulipomaliza tukahesabu. Rafiki wa kwanza alikuwa na kokwa 39. Mimi 33. Rafiki wa pili 29. Mpwa wangu 9. Bakuli lilikuwa na 40.

Nikawauliza, "Nani ameshinda?" Wakamwonyesha yule mwenye 39. Nikawaambia wahesabu vizuri. Yeye alianza na 30, kwa hivyo kapata faida ya 9. Mimi nimepata 3. Mwenzake kapungukiwa na 1. Mpwa wangu aliingiza 60 akabaki na 9, kapoteza 51. Bakuli halikushika karata hata moja, halikuogopa, halikuzuga, halikuwa na bahati wala nuksi, nalo limepata 40.

Wakanyamaza. Nikaongeza jingine. Dau dogo na dau kubwa kwa pamoja ni kokwa 3, na kwa watu wanne kila mtu hulipa hizo 3 katika kila duru nne. Duru 40 ni kokwa 30. Yaani mtu ambaye angekaa pale akalaza karata zake kila mara, asicheze hata mkono mmoja, kokwa zake 30 zingekwisha zote. Mchezo haukuachi ukakaa kitako. Lazima uingie.

Kwa haki, bakuli langu lilikuwa na tamaa. Penye pesa za kweli, nyumba hukata asilimia ndogo ya chungu, mara nyingi isiyozidi 5 kwa mia. Lakini sisi tulikuwa tukichanga karata kwa mkono. Kwenye simu mashine hugawa kwa nukta, na mtu anaweza kufungua meza mbili au tatu kwa wakati mmoja. Duru tulizocheza usiku mzima, yeye huzimaliza ndani ya matatu ya chuoni.

"NI MCHEZO WA AKILI"

Hili si uongo mtupu, na tusilipinge kwa ujinga. Poka si kama bahati nasibu. Anayejua hesabu humshinda asiyejua, wakicheza muda mrefu. Kwa mfano, nafasi ya kugawiwa Ree mbili ni mara 1 katika 221. Ukiwa na kopa nne baada ya flopu ukingoja ya tano, utaipata takriban mara 35 katika 100 kwa karata mbili zilizobaki. Mchezaji hodari anayajua hayo usingizini.

Lakini akili hiyo haitoi pesa mbinguni. Pesa zote zilizo mezani zimetoka mifukoni mwa waliokaa mezani, ikapunguzwa sehemu ya nyumba. Ili mmoja apate, lazima mwingine apoteze zaidi ya alichopata yule. Muulize mwanao: kwenye meza yako, mjinga ni nani? Akiwa hamjui, huenda ni yeye.

Na kwenye simu hata hajui anacheza na nani. Mwaka 2017 programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, iliwashinda mabingwa wanne wa poka. Mwaka 2019 ikafuata nyingine, Pluribus, iliyowashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Kampuni nyingi hukataza programu za namna hiyo mezani, lakini kijana aliye kitandani Kisauni ataijuaje iliyojificha?

Zipo pia zile zinazojitangaza kuwa ni za bure. Hukupa vibao vya kuchezea, vikiisha wakuuzia vingine kwa pesa za simu. Hata ukishinda huwezi kuvigeuza kuwa pesa. Hapo mtu hulipa ili ajifunze mazoea ya kamari.

DINI NA SHERIA

Mimi si sheikh, na fatwa nawaachia wenyewe. Lakini jambo la msingi halina mjadala kwetu. Kamari ndiyo maysir iliyotajwa katika Sura Al-Baqara aya ya 219, na ikakatazwa wazi katika Al-Maida aya za 90 na 91. Aya hizo zinataja na sababu: kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na kumkumbuka Mola na kuswali. Tena tumefundishwa katika hadithi kwamba anayemwita mwenzake waende wakacheze kamari, kwa mwito huo tu, na atoe sadaka. Hoja ya akili haibadilishi kitu: maadamu kila mmoja ameweka mali yake ili mmoja azoe za wenzake, jina lake ni hilo hilo. Ama kucheza karata bila dau lolote, wanavyuoni wamesema mengi, na kila mtu amuulize sheikh wake.

Upande wa serikali, sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kasino zimekuwepo Mombasa na Malindi miaka mingi, lakini zilikuwa na mlango, na mlangoni palikuwa na mtu wa kuuliza kitambulisho. Simu iliyosajiliwa kwa jina la mamake kijana haiulizi.

LA KUFANYA MZAZI

Usianze kwa kelele. Mwambie akufundishe, kama nilivyofanya mimi, kwa kokwa au kwa mbegu za ubuyu, na usisahau bakuli. Angalia taarifa ya pesa za simu: malipo madogo madogo yanayofuatana usiku ni dalili. Angalia pia akianza kukopa kwa majirani, au simu ikizimwa ghafla ukiingia. Na karo, ikiwezekana, ilipe mwenyewe moja kwa moja chuoni.

Mpwa wangu amefuta ile programu mbele ya mamake. Chuo kimekubali karo ilipwe kwa mafungu matatu. Moja nimelitoa mimi, na mawili atayalipa mwenyewe. Jioni anamsaidia jirani kuuza viazi karai, na kila Ijumaa ananiletea alichoweka. Yale 40 ya bakuli ameyatia kwenye chupa, ameiweka juu ya meza yake ya kusomea. Sikumwambia afanye hivyo.

Wassalaam.